Mikoko tuliyopanda na wanafunzi imekufa: nianzie wapi tena?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mratibu wa mradi mdogo wa mazingira katika wilaya moja ya pwani, mkoani Tanga. Tuna vijiji vitatu vinavyopakana na hori moja, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na shule tano za msingi. Mwaka juzi, Julai, siku ya mikoko duniani, tulipanda miche 6,000 ufukweni pamoja na wanafunzi, walimu na viongozi. Watoto waliimba, picha zikapigwa, kila mtu akaondoka na furaha. Baada ya masika ya pili nimehesabu miche hai 90 tu. Tulirudia kupanda palepale, ikafa tena. Mzee mmoja mvuvi alinivuta kando akaniambia, 'Hapo mlipopanda hapajaota mkoko tangu nizaliwe.' Lakini mkutanoni hakuwahi kulisema hilo. Sasa wafadhili wanataka idadi ya miche ya mwaka huu. Walimu wanasema hawatoki tena bila posho. Wakata miti hawaji mikutanoni. Mwenyekiti wa kijiji kimoja hukubali kila ninachosema na hakuna kinachofanyika. Wenzangu wananishauri tuachane na shule, fedha zote ziende kwenye doria, kwani watoto hawakati mikoko. Wengine wanasema tatizo ni elimu, tuongeze semina. Nimechoka, na nimeanza kufikiri kwamba kazi hii siiwezi. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimesimama pale pale, kwa yule mzee. Alijua. Alijua kabla hata mche mmoja haujatiwa kwenye tope. Wewe unajiuliza kama kazi unaiweza, lakini swali ninaloliona mimi ni jingine: ilikuwaje mradi wenye mikutano mingi kiasi hicho usiwe na nafasi hata moja ya mzee huyo kusema neno lake kabla ya uamuzi kupita? Miche iliyokufa, walimu waliosusa, wakata miti wasiokuja na mwenyekiti asemaye ndiyo tu, unaviona kama mambo manne. Kwangu ni jambo moja. Mahali pa kupanda, siku ya kupanda na aina ya kupanda viliamuliwa kwanza, watu wakaitwa baadaye kuja kushika majembe.

Nitaanza na miche, maana humo ndimo lilimo somo ambalo hata watoto wako wataliona kwa macho.

Watu wengi hudhani mkoko ni mti wa majini, kwa hiyo ukiutia kwenye maji na tope utaota. Si hivyo. Mkoko ni mti wa nchi kavu uliojifunza kuvumilia maji ya chumvi, na mizizi yake inahitaji hewa kama mizizi ya mwembe. Tope la pwani halina hewa. Lichimbe kwa kidole, chini kidogo tu utakuta jeusi linanuka kama yai bovu. Ndiyo maana mkoko wenyewe unasimama juu ya magongo, na mchu, aina nyingine ya mikoko, unachomoza vipumulio vyake juu ya tope kama penseli zilizochomekwa. Maji yakipwa, mizizi hiyo inavuta hewa. Maji yakijaa, inasubiri. Mti mkubwa una njia hizo za kupumulia. Mche wa miezi michache bado haujaziota. Ukiupanda chini mno, mahali ambapo maji huufunika sehemu kubwa ya siku, unazama. Na hauzami mara moja. Ile mbegu ndefu ya mkoko imebeba akiba ya chakula, kwa hiyo mche utatoa majani yake mawili ya kwanza, utaonekana mzima mwezi wa tatu, hata wa nne, na mpiga picha atarudi kuupiga picha. Akiba ikiisha, unakufa. Mingine inaota viganda vyeupe, vile vinavyoshika tumboni mwa mashua, hadi uzito unailaza. Mingine inang'olewa na mawimbi, maana ufukwe ulio wazi hauna kitu cha kuyavunja.

Kwa kawaida mikoko huishi nusu ya juu ya ukanda unaofunikwa na maji: kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi pale linapofika bamvua kubwa, yale maji yanayojaa na kupwa sana kuzunguka mwezi mpevu na mwezi mchanga. Humo ndani kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazama bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wa magongo, kisha muia na mkandaa, na mchu utauona kote kuwili, mbele na nyuma, hadi kwenye chumvi kali. Msikundazi hukaa mwisho, karibu na maji baridi. Huu si mpangilio wa vitabuni. Ni mpangilio wa saa ambazo kila mti unaweza kufunikwa na maji bila kufa. Mvuvi aliyepita humo miaka 50 anaujua mwilini, kwa namna matope yanavyobadilika chini ya nyayo zake.

Sasa jiulize kwa nini miradi karibu yote hupanda mkoko wa magongo, tena kwenye tope tupu la mbele. Mbegu yake ni kubwa, huokotwa kwa urahisi, huchomekwa kwa mkono bila kitalu. Na lile tope tupu halionekani kuwa na mwenyewe, liko wazi, watu 300 wanaenea na picha inatoka vizuri. Mara nyingi sababu ndizo hizo. Lakini tope lile si mahali pa bure. Wake za watu wanaokota chaza na kombe hapo, samaki wadogo wanakula hapo maji yakijaa, ndege wanatua hapo maji yakipwa. Kama kuna akina mama waliokutazama kwa jicho la pembeni siku ile ya Julai, kawaulize walikuwa wakichukua nini mahali pale.

Hauko peke yako, na nalisema hili ujue kwamba kosa hili lina ukoo mrefu. Ufilipino wamepanda mikoko kwa miongo mingi kwa fedha nyingi, na watafiti walipofuatilia walikuta kwamba katika upandaji mwingi ni asilimia 10 hadi 20 tu ya miche iliyobaki hai. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, mashirika mengi yalikimbilia kupanda. Maeneo 23 yalipokaguliwa baadaye, 9 hayakuwa na mche hata mmoja. Chanzo kikubwa kilikuwa kilekile: mahali pasipofaa, aina isiyofaa, na hakuna aliyeuliza maji yanafika wapi.

Hata msitu uliokomaa hufa mpangilio huo ukivurugwa. Hori la Mwache, karibu na Mombasa, lilipoteza mikoko mingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hakuna aliyeikata. Mto ulishusha udongo kutoka mashamba ya juu, ukafunika vipumulio, miti ikakosa pumzi. Nakutajia Mwache ili uone kwamba mlinzi wa mikoko anaweza kuwa mkulima aliye kilomita nyingi kutoka baharini, asiyeijua hata sura ya mlilana.

Kwa hiyo, mwaka huu usipande pale. Najua neno hili ni zito kwa mtu anayedaiwa idadi, na nitalirudia suala la wafadhili. Lakini kabla ya mche mwingine, tembea. Mwendee yule mzee, mwombe akuongoze maji yakiwa yamepwa sana, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Tembeeni kutoka baharini kuelekea juu, na kila penye uwazi uliza swali moja: hapa palikuwa na miti? Kama hapajawahi kuwa nayo, paache. Kama palikuwa nayo ikakatwa, angalia chini. Ukiona miche midogo inajiotea yenyewe, kazi yako ni kupapumzisha tu, hakuna haja ya kupanda. Kama palikuwa nayo ikafa bila kukatwa, tafuta maji yalizuiwa wapi: tuta la mashamba ya chumvi yaliyoachwa, barabara iliyojengwa bila kalvati, mkondo uliojaa mchanga. Kufungua mkondo wa upana wa mita moja kunaweza kurudisha msitu ambao miche 6,000 haikuweza kuurudisha, kwani mbegu huletwa na maji yenyewe. Kupanda kwa mkono ni kwa pale tu ambapo maji yanafika sawasawa lakini hakuna miti mama iliyo karibu ya kutoa mbegu.

Hapa ndipo shule zako zinapoingia. Niliwahi kufanya hivi na darasa la sita la shule moja. Tulikata fito 20 za mianzi, tukazipaka chokaa kutoka chini hadi juu, tukazisimamisha kwa mstari, ya kwanza kwenye mizizi ya mlilana, ya mwisho nyuma kabisa ambako mchu umedumaa na tope limepasuka kwa chumvi. Tuliweka nyingine tano mbele, kwenye tope tupu. Watoto walirudi siku ya bamvua na siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, wakasoma chokaa imelowa hadi wapi, wakaandika. Mwalimu wa hisabati aliwachorea jedwali. Baada ya mwezi binti mmoja alinyosha kidole kwenye zile fito tano akasema, "Hizi hazikauki." Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Lile jedwali walilibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na wazee walilisoma wakiwa wamesimama, wakibishana. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuona karatasi ya watoto ikibishaniwa na wavuvi kama jambo la maana.

Sasa niseme juu ya elimu, maana hapa naona pande zote mbili za wenzako zimekosea kidogo.

Wanaosema wanakijiji hawana elimu ya mikoko, waulize watofautishe fito, pau, mazio na boriti, yaani unene mbalimbali wa nguzo za mikoko, kwa kutazama mti uliosimama. Mkata miti anazitofautisha. Anajua mkandaa gani utanyooka na upi utapinda, anajua muia umeadimika tangu lini, anajua sasa anapiga kasia saa mbili kufika alikokuwa akifika kwa nusu saa. Ukimwita semina umwambie mikoko ni mazalio ya samaki, atakusikiliza kwa adabu, atakula chakula cha mchana, ataondoka. Hukumpa jambo asilolijua. Linalomsumbua ni hili: "Nikiuacha mti huu leo ukue uwe boriti, nani atanihakikishia kwamba kesho hautakatwa na mtu wa kijiji cha pili?" Hakuna somo linalojibu swali hilo. Linajibiwa na mipaka inayojulikana, kanuni inayowabana wote, na haki ya yule aliyesubiri kupata chake baadaye. Bila hivyo, kukata leo ni akili kabisa kwa upande wake, na kumwita mharibifu ni kumwonea.

Na wanaosema watoto hawakati mikoko, wamesema kweli. Sijaona msitu uliookolewa na klabu ya mazingira peke yake, na sitakudanganya. Nyimbo na mashairi hayazuii shoka. Lakini mtoto anayepima maji, anayehesabu visiki, anayemhoji bibi yake kuhusu chaza wa zamani, analeta kijijini kitu ambacho mratibu mgeni hawezi kukileta: habari isiyo na upande. Shirika la Roots & Shoots, ambalo leo liko nchi nyingi, lilianza Dar es Salaam mwaka 1991, pale wanafunzi 12 walipomwendea Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na mambo yaliyokuwa yakiwasumbua katika maeneo yao wenyewe. Zingatia nani alianza kusema. Klabu zako pia zianze na jambo ambalo watoto wameliona wao, hata kama si mkoko. Kama ni kisima kilichoingia chumvi, anzeni na kisima; kitawafikisha kwenye mikoko bila kuvutwa.

Doria je? Ina mahali pake, lakini mwishoni. Doria bila kanuni iliyokubaliwa na wote ni kundi la watu wachache wenye fulana za mradi wanaowakamata jirani zao. Siku ya kwanza watakamata fimbo za kuni za mjane, siku ya pili watapita kando mbele ya mashua iliyobeba boriti kwa sababu mwenyewe ni mtu mkubwa. Baada ya hapo hutaaminiwa tena.

Lipo jambo la kisheria ambalo naona miradi mingi hulikosea, na linaweza kuwa ndilo linalomfunga mwenyekiti wako. Kwa Tanzania Bara, mikoko ni hifadhi ya Serikali tangu enzi za ukoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kijiji hakiwezi kuitangaza kuwa msitu wake kama kinavyoweza kufanya kwa msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji. Ukimwambia mwenyekiti "linda mikoko yenu", anaitikia kwa heshima huku akijua hana mamlaka ya kumzuia mwenye kibali wala ya kumtoza faini mtu. Njia ipo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja, yaani mkataba kati ya kijiji na mwenye hifadhi unaosema nani analinda, nani anaruhusiwa kuchukua nini, na mapato yanagawanywaje. Sambamba nao kijiji kinaandaa sheria ndogo: kamati ya maliasili inarasimu, halmashauri ya kijiji inajadili, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, unapitisha, kisha rasimu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Inachosha. Inaweza kula mwaka na zaidi. Lakini huo ndio mnyororo ambao jedwali la watoto lina mahali pa kufungwa. Kwa upande wa samaki, kaa na pweza, mshirika wako ni BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kama vijiji vyako vinavyo, usiunde kamati nyingine mpya. Kijiji chenye kamati tano za mazingira huwa na watu walewale saba wamekaa zote tano, na wamechoka.

Tatizo la mikoko ni kwamba inachelewa. Mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri miaka kumi na tano. Ndiyo maana mimi hushauri uanze na kitu kinachorudi upesi, watu wajionee kwamba kukubaliana kunalipa. Pweza ni mfano mzuri. Anaishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi, na akiwa mdogo anaongezeka uzito kwa kasi kubwa sana. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi michache, na walipoifungua walipata pweza wakubwa kuliko walivyozoea. Habari ilienea, na hata kwetu, Pemba na Unguja, vipo vijiji vilivyofuata njia hiyo. Usikose kutazama ugumu wake: akina mama wanaovua kwa miguu ndio hubeba mzigo wa kufunga, na siku ya kufungua wanaume wenye mashua wanaweza kuchukua sehemu kubwa. Jambo hilo mlizungumze kabla. Lakini kijiji kilichokwisha kufunga na kufungua mwamba mara mbili kinazungumza juu ya msitu kwa sauti nyingine kabisa.

Kwa upande wa muda mrefu, nenda ukaone Gazi, kusini mwa Mombasa. Ukiwa Tanga si mbali, na safari moja ya watu kumi kutoka vijiji vyako itakusaidia kuliko semina zote. Mikoko ya pale ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Majaribio ya kupanda upya yalianza 1991, watafiti wakikosea na kusahihisha. Mradi wao wa kuuza hewa ya ukaa (kaboni), yaani kulipwa kwa hewa hiyo ambayo miti inaihifadhi, unaitwa Mikoko Pamoja; ulianza 2013 juu ya hekta 117 tu, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa uamuzi wa wanakijiji. Akina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na wageni na wanafunzi wanalipa kupita. Hesabu miaka: kutoka jaribio la kwanza hadi malipo ya kwanza ya kaboni ni zaidi ya miaka 20. Atakayekuja kwako akikuahidi fedha za kaboni mwakani, mtazame vizuri.

Gazi kuna jambo jingine nalolipenda: wamepanda mivinje ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia msituni. Hili linaweza kukuokoa kwa wafadhili wako. Waandikie ukweli, na uandike mapema kabla hawajauliza. Sema: tulipanda miche 6,000, tumebaki na 90, tumegundua kwa nini, na tunaomba kubadilisha kipimo. Badala ya miche iliyopandwa, tuhesabu iliyo hai baada ya miezi 24. Tuhesabu hekta zinazopumzishwa, mikondo iliyofunguliwa, maamuzi yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kama lazima wapate idadi ya miti, wape mivinje kwenye viwanja vya shule na mashamba ya watu, ambako kila mti una mwenyewe wa kuumwagilia. Wafadhili wengi niliofanya nao kazi walipokea barua ya namna hiyo vizuri kuliko nilivyotarajia. Wapo wachache watakaokataa. Hapo itabidi uchague, na mimi ningechagua kukosa fedha hizo kuliko kuwapeleka watoto mara ya tatu kupanda kitu kitakachokufa. Mtoto aliyepanda mara mbili na kuona vyote vimekufa amejifunza somo ambalo hukukusudia kumfundisha.

Posho nitasema kwa kifupi. Usimlipe mtu kuhudhuria mkutano wa kijiji chake mwenyewe. Ukianza hutaweza kuacha, na atakayekuja baada yako atakuta mlango umefungwa. Lakini mwalimu anayetoka Jumamosi kwa nauli yake, akavaa viatu vyake kwenye tope, si mchoyo akiomba. Lipa nauli na chakula, kiwango kimoja kwa wote, kibandikwe ubaoni kila mtu akione. Bora zaidi, ipunguze hiyo Jumamosi: ukikaa na mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, kipimo cha maji kinaweza kuwa kipindi cha hisabati au sayansi ndani ya ratiba, wala si kazi ya ziada. Mwalimu husaidika zaidi na somo lililoandaliwa tayari kuliko na elfu tano.

Na kalenda. Uratibu wa pwani ni wa mwezi wa angani, si wa ofisini. Bamvua likija, wavuvi wa miguu na akina mama wa chaza wako baharini. Ukiita mkutano siku hizo, watakuja wasiohusika. Mikutano iite wakati wa maji mafu. Matembezi ya wanafunzi yafanye bamvua, maji yakiwa yamepwa sana, na uwaombe akina mama walewale waongoze, kwani wapo hapo tayari na wanajua wapi tope linameza. Epuka kipindi cha mtihani wa darasa la saba, na mwezi wa Ramadhani usipange matembezi ya mchana. Kwa kila matembezi pawepo barua ya mzazi, viatu vilivyofungwa miguuni, mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi kumi, na saa ya kugeuka iliyotangazwa kabla ya kuondoka. Maji yakianza kujaa kwenye hori bapa hukimbia kuliko mtoto.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama wanaokata ni watu wa nje wenye mashua na wateja wakubwa, au kama kuna yeyote aliyekutishia wewe au mtoto, acha kabisa kufuatilia mwenyewe. Mwone afisa misitu wa wilaya na TFS ana kwa ana, na polisi ikibidi, na usimtume mwanafunzi wala mzee wa kujitolea kukuletea habari za mtu. Kabla ya kufungua tuta au kuchimba mkondo, leta mtaalamu aone. Mkondo uliochimbwa vibaya unaweza kukausha sehemu nyingine au kuingiza chumvi kwenye visima. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar ina watu waliosomea hasa mikoko na maji. Mashamba ya chumvi mara nyingi yana hati na madai, kwa hiyo ukiona tuta, tafuta kwanza mwenyewe. Na ukiletewa mkataba wa kaboni, usisaini wala usimshauri mwenyekiti asaini bila mwanasheria. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kituo cha kitaifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Waulizeni.

Uliuliza pia, kwa upole, kama kazi hii unaiweza. Mtu aliyerudi kuhesabu miche baada ya masika mawili, akakuta 90 na akaandika 90, ameshafanya sehemu ambayo wengi wetu huikwepa. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu kwenye mradi mmoja bila kurudi kuhesabu, kwa kuogopa nitakachokikuta, na miaka ile mitatu watu wa pale hawakuipata tena.

Mzee alikuvuta kando kwa sababu kumkosoa mgeni mbele ya mkutano si adabu kwake. Basi usimwite mkutanoni. Nenda nyumbani kwake jioni, maji yakiwa mafu, kaa chini, mwambie alikuwa sahihi. Kisha mwombe akutajie majina ya sehemu zote za hori lile, moja baada ya moja, na andika kila jina alitamkavyo. Utakuta lipo eneo linaloitwa kwa jina la mti ambao leo haupo. Fito za kwanza za chokaa zisimamishe hapo.